Maswali Yenu: Dhahabu Haivutwi na Sumaku, Sasa Mwanga Unaipatia Wapi?

Katika toleo lililopita tuliandika aya moja tu, kwamba chembe za dhahabu na za fedha zilizo ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga zinaweza kuitika hata upande wa sumaku wa mwanga unaoonekana. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyoibeba. Hapa tunajibu nane. Barua tumezifupisha, ila majibu yamepata nafasi kadiri swali lilivyodai.

Shikamooni wahariri. Mwalimu alitupa sumaku na pete ya dhahabu, sumaku haikuvuta chochote. Iweje mseme dhahabu inaitika sumaku ya mwanga? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tanga)

Marahaba, kijana wetu. Mwalimu wako yuko sahihi, na sisi hatujampinga. Dhahabu ikiwekwa kwenye uga wa sumaku haivutwi. Husukumwa nje, tena kidogo mno. Usumaku unaozuka ndani yake ukigawanywa kwa uga uliouzusha unapata −0.000034. Fedha ni −0.000024. Hiyo alama ya kutoa ndiyo inayoonyesha kusukumwa, na kwa udogo wa tarakimu zenyewe hakuna sumaku ya mezani itakayokuonyesha kitu.

Sasa njoo kwenye mwanga. Mwanga ni uga wa umeme na uga wa sumaku vinavyosafiri pamoja. Mwanga wa rangi ya machungwa wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hugeuka huku na huku mara trilioni 500 kwa sekunde. Elektroni ikipigwa na wimbi hilo husukumwa na nyuga zote mbili, lakini nguvu ya uga wa sumaku hutegemea kasi ya elektroni ikilinganishwa na kasi ya mwanga. Elektroni huru zenye mbio kubwa ndani ya dhahabu huenda kama kilomita 1,400 kwa sekunde; mwanga huenda 300,000. Nguvu ya sumaku basi ni kama sehemu moja ya 200 ya nguvu ya umeme, na ukipiga hesabu ya nishati, ambayo hufuata mraba wa nguvu, unaangukia sehemu moja ya makumi ya maelfu. Ndiyo maana kwa miaka mingi wanafizikia walihesabu kwamba kwa mwanga kila kitu, hata chuma, ni kama hakina usumaku. Usidhani chembe za oksidi ya chuma, zile zinazovutwa kweli na sumaku, zina nafuu hapa. Usumaku wao unatokana na mzunguko wa ndani wa elektroni, na huo hauwezi kugeuka mara trilioni 500 kwa sekunde.

Njia ya kulikwepa tatizo hili iko kwenye somo lako la koili. Mkondo wowote unaokwenda mduara ni sumaku, uwe umepita kwenye shaba, dhahabu au maji ya chumvi. Uga wa sumaku unaobadilika ukipenya kitanzi cha waya huzusha mkondo ndani yake. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831. Tengeneza kitanzi cha dhahabu kidogo kuliko wimbi la mwanga, uga wa mwanga ukipenya katikati yake elektroni zitazunguka, na kitanzi kitakuwa sumaku inayogeuka sawia na mwanga wenyewe. Usumaku huo unatoka kwenye umbo na mpangilio. Madini yanachangia kupitisha mkondo tu.

Mimi ni fundi redio. Mnayoyasema yananikumbusha koili na kapasita ya kutafutia stesheni. Kama ni hivyo, si mnapunguza koili tu mpaka ifike frikwensi ya mwanga? (Mombasa)

Fundi, umegonga penyewe, na kosa ulilofanya ndilo walilogongana nalo watafiti kwa miaka kadhaa.

Kifaa cha kwanza kilikuwa hasa hicho unachokijua: pete ya metali yenye mwanya. Pete ni koili ya mzunguko mmoja, mwanya ni kapasita. John Pendry na wenzake nchini Uingereza walipendekeza muundo huo mwaka 1999, na mwaka 2000 kundi la San Diego, Marekani, likaujenga kwa shaba katika ukubwa wa milimita kadhaa, kwa ajili ya mawimbi ya maikrowevu. Kanuni ilikuwa nyepesi: punguza kila kipimo mara 10, frikwensi itapanda mara 10. Mwaka 2004 pete za dhahabu zilifika trilioni 100 kwa sekunde, ambayo ni infraredi ya mikromita 3. Zilibaki hatua chache tu kufikia mwanga wa macho, na hapo kanuni ikagoma.

Sababu ni uzito wa elektroni. Kwenye koili yako ya redio, ukinzani dhidi ya mabadiliko ya mkondo unatoka kwenye uga wa sumaku, hiyo L unayoijua. Ila elektroni nazo zina masi, na kuzianzisha na kuzisimamisha ni kazi. Katika frikwensi za redio huoni athari yake. Katika frikwensi za mwanga, uvivu huo wa elektroni unakuwa L ya pili, na ndiyo inayotawala. Angalia zinavyobadilika ukipunguza ukubwa wa pete, tuuite a. L ya sumaku hupungua pamoja na a. C ya mwanya, yaani uwezo wake wa kubeba chaji, nayo hupungua pamoja na a. Hizo mbili zikizidishwa, frikwensi inapanda kama ulivyotarajia. Lakini L ya uvivu hufuata urefu wa waya ukigawanywa kwa eneo la unene wake, kwa hiyo huongezeka a ikipungua. Ukiizidisha na C, a inajifuta. Hapo hata ukipunguza pete nusu kwa nusu, frikwensi haisogei tena. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2005 zilionyesha pete hizo zinagota kabla ya kuingia vizuri ndani ya mwanga unaoonekana, na mwitiko wake wa sumaku unafifia pia.

Dawa yake utaipenda, maana ni ya kifundi. Kapasita mbili zikifungwa mfululizo, C ya jumla hupungua. Basi kata mwanya wa pili kwenye pete, na wa tatu, na wa nne. Ukiendelea kukata, hutabaki na pete tena. Unabaki na vipande viwili vinavyotazamana, au tufe kadhaa zilizokaa mduara. Mkondo unaruka mianya kupitia uga wa umeme, sawa na unavyopita kwenye kapasita.

Ni miundo ipi hasa iliyofanya kazi kwa mwanga unaoonekana, si kwenye makaratasi? Na kwa nini dhahabu, si shaba au aluminiamu? (Mwalimu wa fizikia, Iringa)

Mwalimu, wa mwaka 2005 kutoka Manchester ndio tunaoupenda kuutolea mfano. Andre Geim, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2010 kwa kazi ya grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja), alikuwa mmoja wa watafiti hao. Aliyeongoza ni Alexander Grigorenko. Walichora kwa miale ya elektroni jozi za nguzo za dhahabu juu ya kioo, kila nguzo ikiwa na upana wa takriban nanomita 100. Elektroni zikipanda kwenye nguzo moja huku zikishuka kwenye jirani yake, juu na chini kunafungwa na uga wa umeme, na kitanzi kimekamilika. Mwitiko ulionekana kwenye mwanga wa kijani. Mwaka 2007 kundi la Karlsruhe, Ujerumani, likatumia matabaka ya fedha yenye matundu kama wavu na kufika nanomita 780, ukingoni kabisa mwa wekundu.

Njia ya pili ni kukusanya tufe. Mwaka 2006 Andrea Alù na Nader Engheta walitoa hesabu ya tufe za fedha zilizopangwa mduara. Mwaka 2010 kundi la Marekani likakausha chembe za silika zilizovikwa dhahabu zikajikusanya zenyewe. Tatu tatu kwa umbo la pembetatu zilionyesha kilele cha sumaku, yaani urefu wa wimbi ambapo mwitiko wa sumaku unapanda ghafla, ingawa katika infraredi. Kikundi cha tufe tatu ndicho kidogo kabisa kinachoweza kufunga duara lililolala, na wanaoanza wengi hukomea hapo.

Tufe moja peke yake ya metali haifai. Kadiri ilivyo ndogo, mwitiko wake wa umeme hufuata nusukipenyo kipeo cha 3, na wa sumaku kipeo cha 5. Ukiongeza nusukipenyo maradufu, wa umeme unakuwa mara 8, wa sumaku mara 32. Unaweza kudhani ukiikuza tu utafika, lakini mwanga hupenya dhahabu kwa nanomita 25 hadi 30 tu, na tufe kubwa inabaki na kiini kisichoshiriki.

Kuhusu madini: dhahabu haiozi, ndiyo sifa yake kubwa. Kasoro yake ni kwamba mwanga mfupi kuliko takriban nanomita 520 hunyanyua elektroni zake za ndani na kugeuka joto, kwa hiyo kwenye bluu haina maana. Fedha haina shida hiyo mpaka kwenye urujuanimno, na kwa macho ya fizikia ndiyo bora, ila ikiachwa hewani hushika ukungu mweusi wa sulfidi na vilele vyako vinahama siku hadi siku. Aluminiamu inafyonza sana karibu na nanomita 800 lakini hufaa bluu na urujuanimno. Shaba hufanana na dhahabu ila huoksidika.

Tukiulizwa maoni yetu, tutasema wazi: kwa kazi za vitendo, metali, yaani dhahabu, fedha na wenzao, zimeshindwa na silikoni. Tufe la silikoni lina kipeo cha mpindo (namba inayoonyesha mwanga unapungua kasi mara ngapi ndani yake) kinachokaribia 4, na rezonansi yake ya sumaku, yaani pale mwitiko unapokuwa mkubwa kabisa, hutokea pale urefu wa wimbi unapolingana na kipenyo ukizidisha kwa kipeo hicho. Kipenyo cha nanomita 150 kinakupa takriban nanomita 600. Hapo hakuna elektroni huru zinazozunguka. Uga wa umeme wenyewe hujikunja mduara ndani ya tufe. Mwaka 2012 makundi mawili, la Singapore na la Hannover, yalionyesha jambo hilo kwa tufe za kati ya nanomita 100 na 200, zikibadilika kutoka bluu hadi nyekundu kwa ukubwa tu. Joto linalopotea ni dogo sana ukilinganisha na dhahabu. Metali zinabaki na faida pale unapotaka uga uliobanwa ndani ya mwanya wa nanomita moja au mbili, kwa mfano kutambua molekuli.

Nachimba Geita. Vumbi la dhahabu tunalobakiza kwenye zulia la kuoshea linaweza kuwa na hizo rangi na huo usumaku? (Mchimbaji mdogo)

Hapana. Punje ya milimita 0.1, ambayo kwa jicho ni vumbi, ni nanomita 100,000. Ni kubwa mara elfu kuliko inayotakiwa, ndiyo maana inang'aa njano kama kipande kizima. Na kama kuna chembe zinazoshika sumaku kwenye zulia lako, huo ni mchanga mweusi wa magnetiti. Hauna uhusiano na mwanga.

Assalamu alaykum. Nimesoma kwamba leza inaweza kuigeuza dhahabu kuwa sumaku. Ni jambo lile lile au ni porojo? (Msomaji, Muscat)

Waalaykumu salaam. Ni kweli, lakini ni jambo jingine, na watu huyachanganya.

Tuliyoyaeleza juu ni usumaku unaogeuka mara trilioni 500 kwa sekunde pamoja na mwanga. Unalouliza ni usumaku unaosimama upande mmoja muda wote leza inapowaka. Unahitaji mwanga uliopolaraishwa kwa duara, yaani ule ambao uga wake wa umeme huzunguka unapokuja kwako. Elektroni za chembe hufuata mzunguko huo, na mkondo unaozunguka upande mmoja tu ni sumaku yenye ncha zake kwenye mstari wa mwale. Geuza mzunguko wa mwanga kutoka kulia kwenda kushoto, ncha zinabadilishana.

Mwaka 1845 Faraday aliona kwamba sumaku huzungusha upolarishaji (upande ambao uga wa umeme hutikisikia) wa mwanga unaopita kwenye kioo kizito. Kinyume chake, mwanga kuzalisha usumaku, kilitabiriwa na Lev Pitaevskii mwaka 1961 na kuonekana maabara mwaka 1965. Mwaka 2020 kundi la Matthew Sheldon katika Chuo Kikuu cha Texas A&M liliuonyesha kwenye chembe za dhahabu za nanomita 100 zilizoelea ndani ya kimiminika. Walipiga mapigo mafupi sana ya leza kali, kisha wakapima kwa mwale wa pili jinsi upolarishaji wake ulivyozungushwa. Mapigo yakiisha, usumaku unaisha nayo, katika muda ulio chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Jua au taa ya nyumbani haitafanya hivyo. Mwanga wake ni mchanganyiko wa kulia na kushoto kwa kiasi sawa, na vinafutana. Anayekuuzia kidani cha dhahabu kinachopata sumaku kwenye jua, mwachie mali yake.

Nimejaribu koloidi ya dhahabu mara kadhaa. Mara inakuwa zambarau, mara inaacha masizi meusi chini ya chupa. Nakosea wapi? (Fundi sanifu wa maabara, Mwanza)

Koloidi ni chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya kimiminika bila kutuama. Tuanze na vipimo, maana wengi hukosea hapo kabla hata ya moto. Chukua mililita 50 za mmumunyo wa HAuCl₄ wa asilimia 0.01, ambao una miligramu 5 za chumvi ya dhahabu. Uchemshe kwenye chupa ya koniko ukiwa na kikorogeo kinachozunguka kwa nguvu. Ukianza kutokota sawasawa, mimina kwa mkupuo mililita 1 ya sodiamu sitreti ya asilimia 1. Rangi ya njano hafifu inapotea kabisa, kisha inakuja kijivu iliyokolea, zambarau, halafu nyekundu ya mvinyo, yote ndani ya dakika chache. Endelea kuchemsha dakika 10 hadi 15, ipua, acha ipoe huku ikikorogwa. Utapata chembe za takriban nanomita 16, na spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa kwa kila urefu wa wimbi, itaonyesha kilele karibu na nanomita 520.

Ukitaka kubwa zaidi, punguza sitreti: mililita 0.5 hutoa takriban nanomita 41, na 0.3 hutoa zipatazo 72. Sitreti ikiwa ndogo, mbegu zinazoanza ni chache na kila moja inakula dhahabu nyingi. Kutoka hapo umbo linaanza kuvurugika na ukubwa unatofautiana, kwa hiyo kwa majaribio ya vikundi vya nanomita 80 ni bora ukuze juu ya mbegu zilizo tayari kuliko kupunguza sitreti zaidi.

Sasa masizi. Mara nyingi ni chupa chafu. Mabaki ya dhahabu ya jaribio la zamani, au ya sabuni, huwa mbegu ukutani na dhahabu yote inakimbilia huko. Osha vyombo kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki sehemu 3 na asidi ya nitriki sehemu 1, ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, ukiwa na miwani na glavu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Usiufunge kwenye chupa, usiuhifadhi, na usiukaribishe na asetoni au alkoholi. Baadaye suuza kwa maji yaliyokenekwa mpaka uchoke, kisha suuza tena. Kosa la pili ni kijiko cha chuma kwenye chumvi ya dhahabu: dhahabu hujibandika juu ya kijiko na wewe unapima pungufu bila kujua. Tumia cha plastiki au cha kioo.

Zambarau inayokataa kuwa nyekundu huwa ni moja ya haya: maji yalikuwa na chumvi (maji ya bomba hayafai hata kwa kusuuzia mara ya mwisho), sitreti ilimiminwa kidogo kidogo, au mmumunyo ulikuwa wa moto tu bila kutokota. Na kama ilikuwa nyekundu jana na leo ni ya bluu, chembe zimeshikana. Sitreti huzipa chaji hasi zinazozifanya zisukumane. Chumvi huziba chaji hizo. Jijaribie: kwenye mililita 1 ya koloidi weka mililita 0.1 ya chumvi ya kawaida ya asilimia 10, nayo itageuka bluu mbele ya macho yako. Usiiweke kwenye friza, barafu huzibana pamoja na hazirudi. Jokofu la nyuzi 4 na giza vinatosha.

Nimekausha chembe za dhahabu za nanomita 80 kwenye kioo na kupata vikundi vya tatu tatu. Spektra ina kilele kwenye 550 na kingine karibu na 680. Msimamizi wangu anasema cha pili ni cha sumaku. Nithibitishe vipi? (Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi)

Kwa heshima zote kwa msimamizi wako, kwa maelezo haya tu sisi tungeweka dau kwenye umeme. Chembe mbili za dhahabu zinazokaribiana zina rezonansi ya umeme kwenye mstari unaoziunganisha, na rezonansi hiyo husogea kwenye wekundu kadiri mwanya unavyopungua. Kilele cha 680 kinapatikana bila sumaku yoyote. Ila kinaweza kuwa cha sumaku pia, na kuna namna ya kutenganisha.

Jambo la kwanza ni mpangilio wa kazi. Piga spektra kwanza, hadubini ya elektroni baadaye. Miale ya elektroni huacha kaboni juu ya sampuli na vilele vinahamia wekundu; ukianza nayo umeharibu kila kitu. Chora alama kwenye kioo ili uweze kurudi kwenye kikundi kile kile.

Pili, angalia mwanga unaingia kwa pembe gani. Kikundi chako kimelala juu ya kioo, kwa hiyo tundu la duara linatazama juu. Mwanga ukishuka wima, uga wake wa sumaku umelala pia na haupenyi duara. Unahitaji mwanga wa ubavuni. Kwa hadubini ya usuli mweusi, ile inayoangaza sampuli kutoka pembeni, weka polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) kwenye mwanga unaoingia. Uga wa umeme ukiwa sambamba na kioo, uga wa sumaku unapata sehemu iliyosimama. Kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka wima sehemu hiyo ni asilimia 87. Zungusha polaraiza nyuzi 90, uga wa sumaku unalala wote. Kilele cha sumaku kinapaswa kuzama unapozungusha, ilhali cha umeme kinabadilika kwa utaratibu wake. Kumbuka lenzi nyingi za usuli mweusi huangaza kutoka pande zote kwa pamoja. Ziba pete ya mwanga ubakize upande mmoja, la sivyo jaribio halina maana.

Tatu, weka polaraiza ya pili kwenye njia ya kutokea, ikiwa imekingamana na ya kwanza. Kwa kikundi chenye ulinganifu, mwanga mwingi wa kilele kipana cha umeme unakatwa na kilele chembamba cha sumaku kinajitokeza. Njia hii ilitumika kwenye kazi ya mwaka 2010 tuliyoitaja. Udhaifu wake ni kwamba chembe moja ikiwa kubwa kidogo kuliko wenzake, umeme unavuja na kukudanganya, kwa hiyo pima vikundi kadhaa na ulinganishe na picha zao.

Ukiweza kupata mwale wa leza wenye umbo la mviringo na shimo katikati, uliopolaraishwa kufuata mduara, hiyo ndiyo hukumu safi zaidi. Katikati ya shimo hakuna uga wa umeme kabisa, kuna uga wa sumaku unaosimama kwenye mhimili. Kikundi kikiitika pale katikati, kimeitika sumaku.

Kitu kimoja kinachowaangusha wengi ni kwadrupoli ya umeme, yaani mpangilio wa chaji wenye ncha 4. Nguvu yake iko daraja moja na ya sumaku na mara nyingi huja nayo pamoja. Hutaitenga kwa spektra peke yake; lazima upige hesabu kwa kompyuta na kugawa mwitiko katika sehemu zake. Tumia takwimu za dhahabu zilizopimwa na Johnson na Christy mwaka 1972, weka kioo chenye kipeo cha mpindo 1.52 chini ya chembe, na ndani ya mwanya tumia gridi ya hesabu yenye hatua za nanomita 0.5 au ndogo zaidi. Gridi ya nanomita 2 kwenye mwanya wa nanomita 2 itakupa kilele kizuri sana kisichokuwepo duniani. Rudia hesabu kwa mwanya wa nanomita 1, 2 na 3, na utaona kilele kinavyohama. Ndipo utaelewa kwa nini vikundi vyako vilivyokauka ovyo havifanani. Mianya ikishuka chini ya takriban nusu nanomita elektroni huanza kuvuka zenyewe, na hesabu za kawaida hazifai tena. Kwa kazi ya shahada tungekushauri uache kukausha tu na uziunganishe chembe kwa molekuli zenye urefu unaojulikana, kama thioli (molekuli zenye salfa inayoshika dhahabu) au nyuzi za DNA.

Natumia vipimo vya haraka vya malaria kila siku. Nasikia ule mstari mwekundu ni dhahabu. Je, simu au sumaku ikiwa karibu inaharibu majibu? (Muuguzi, Kigoma)

Dada, mstari ni wa dhahabu kweli kwenye vipimo vingi vya aina hiyo. Chembe huwa za nanomita makumi machache, zimefungwa kwenye kingamwili. Wekundu wake ni mwitiko wa umeme tu, ule wa karibu na nanomita 520 tulioueleza kwa fundi wa Mwanza. Katika tufe moja ya ukubwa huo mwitiko wa sumaku ni mdogo kiasi cha kutohesabika. Simu, sumaku ya spika, hata mashine ya umeme iliyo jirani havigusi majibu.

Joto na unyevu ndivyo vya kuogopa. Chembe zikishikana kabla ya wakati hazitembei vizuri kwenye karatasi, na mstari unaweza kuwa wa zambarau au kijivu, au uso mzima ukabaki na waridi isiyoondoka. Fungua pakiti pale mgonjwa anapokuwa tayari, usiipasue asubuhi kwa ajili ya foleni. Angalia kifuko kidogo cha kukaushia hewa kilichomo. Kama ni cha aina inayobadilika rangi na rangi imebadilika, tupa kipimo hicho. Boksi likae mbali na dirisha na paa la bati, ndani ya nyuzi joto zilizochapishwa juu yake. Soma kwa dakika zilizoandikwa, si kabla wala baada. Mstari wa jaribio ukiwa hafifu bado ni mstari. Mstari wa udhibiti usipotokea, majibu hayo hayasomeki hata kama mstari mwingine umekolea: chukua kipimo kipya na damu mpya.